Kuoanisha majedwali mawili ya data bila kompyuta kuganda: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila mwisho wa mwezi swali ni lile lile. Mtu ana orodha ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo, ana pia taarifa ya malipo ya simu, anataka kujua nani kalipa na nani bado. Ameweka VLOOKUP, ile fomula ya Excel inayotafuta thamani kwenye jedwali jingine, Excel imeganda tangu asubuhi, sasa anauliza: ninunue kompyuta yenye RAM kubwa zaidi?

Usinunue. Tufanye hesabu kwanza. Tuseme malipo ni mistari 50,000 na wanachama ni 40,000. Kompyuta ikichukua kila malipo na kuyapitisha kwa mwanachama mmoja mmoja, inaweza kufika ulinganisho bilioni 2. Orodha ya wanachama ikiwa imepangwa kwa mfuatano, kompyuta hufungua katikati, ikaacha nusu isiyohusika, ikafungua tena katikati ya nusu iliyobaki, kama mtu anayetafuta neno kwenye kamusi. Kwa wanachama 40,000 inahitaji kufungua mara 16 tu. Mara 16 kwa malipo 50,000 ni 800,000. Kutoka bilioni 2 hadi laki 8, kwa kompyuta ile ile uliyo nayo. Nadharia inaishia hapo.

Mfano nitakaoutumia ni wa chama cha akiba, lakini kazi haibadiliki ukiwa na ada za shule, kadi za wagonjwa au orodha ya wakulima wa mbolea ya ruzuku.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Nakala za faili zote mbili. Zile za asili ziweke kwenye folda nyingine na usiziguse tena.
- Excel au LibreOffice Calc kama kila jedwali halizidi mistari laki moja. Zaidi ya hapo, pakua SQLite, programu ya hifadhidata. Ni ya bure, ni ndogo, na haihitaji seva wala fundi wa kuifunga.
- Faili tupu la maandishi la kuandikia kila uamuzi: "nimeondoa mistari 12 isiyo na namba", "mama na mwana wanatumia laini moja, tazama jedwali la simu". Mwezi ujao hutakumbuka.
- Orodha ya majaribio: watu kumi unaojua kwa hakika wamelipa, na watano unaojua hawajalipa. Watu wengi huiruka hii, halafu hawana namna ya kujua kama jibu walilopata ni jibu kweli.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kugusa chochote

Andika idadi ya mistari ya kila faili, jumla ya fedha zote kwenye malipo, na seli ngapi za safu utakayotumia kulinganisha ziko tupu. Namba hizi tatu ndizo zitakazokuambia mwishoni kama kuna kitu kimepotea njiani.

Zingatia pia aina ya faili. Faili la zamani la Excel, lenye mwisho wa .xls, hubeba mistari 65,536 tu. La .xlsx hubeba 1,048,576. Ukizidisha, mistari ya ziada inaweza kukatwa bila wewe kujua. Usidhani ni makosa ya wanafunzi tu: mwaka 2020 Uingereza iliacha wagonjwa 15,841 wa korona nje ya takwimu zake za kila siku, kwa sababu data zao zilipitishwa kwenye faili la .xls likajaa.

Hatua ya 2: Chagua ufunguo

Ufunguo ni safu iliyopo kwenye majedwali yote mawili na inayomtambulisha mtu mmoja bila kumchanganya na mwingine. Namba ya uanachama ndiyo bora kuliko zote, ikiwa walipaji huiandika. Kwa kawaida hawaiandiki, au wanaiandika vibaya. Inafuata namba ya kitambulisho, kisha namba ya simu. Jina liwe la mwisho kabisa, na lina hatua yake peke yake huko mbele.

Hapa pana mtego mkubwa kwa waliopo Tanzania. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, zinazofuata hugeuzwa sifuri. Ukifungua faili la CSV (maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato) kwa kulibofya mara mbili, Excel huona namba, huifupisha, na ukihifadhi tu, tarakimu 5 za mwisho za kila mtu zimekwenda. Hazirudishwi kwa fomula yoyote.

Kwa hiyo usifungue CSV kwa kubofya. Fungua Excel tupu, nenda kwenye menyu ya Data, chagua From Text/CSV, halafu iambie safu ya kitambulisho na safu ya simu ni Text kabla ya kuingiza. Namba za simu nazo zina hasara yake zikisomwa kama namba: sifuri ya mwanzo hupotea. Na zile zilizoanza na 255 au 254 zinaweza kuonekana kama 2.557E+11, na ukihifadhi CSV zikiwa na sura hiyo, hicho ndicho kitakachoandikwa kwenye faili.

Hatua ya 3: Safisha ufunguo kwenye safu yake yenyewe

Tazama mistari hii mitatu, yote ni ya mtu mmoja:

0700 000 001
+255700000001
255-700-000-001

Wewe unaona simu moja, kompyuta inaona tatu. Tiba ni kuongeza safu mpya iitwayo ufunguo, kwenye majedwali yote mawili, na kubakiza tarakimu 9 za mwisho tu:

`=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," ",""),CHAR(160),""),"-",""),9)`

Kwa namba za Tanzania, Kenya na Uganda tarakimu 9 zinatosha. Za Burundi ni 8, na kama orodha yako inachanganya nchi, weka msimbo wa nchi mbele ya ufunguo, la sivyo siku moja watu wawili wa nchi mbili watakuwa mtu mmoja.

Ile CHAR(160) usiiondoe. Ni nafasi isiyo ya kawaida inayokuja na data zilizonakiliwa kutoka kwenye kurasa za intaneti. Kwa macho inafanana kabisa na nafasi ya kawaida, na TRIM, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, haiigusi. Inasababisha vingi vya vile visa vya "namba naiona, lakini VLOOKUP haiioni".

Ukimaliza, nakili safu ya ufunguo na uibandike kama Values juu yake yenyewe. Ukiiacha ikiwa fomula, kila unapogusa kitu Excel inarudia kusafisha mistari yote upya. Usafi unafanyika mara moja, unahifadhiwa, basi. Ukibakisha jambo moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, libakishe hilo, maana kwenye SQLite tutalikuta tena kwa sura nyingine.

Onyo: baadhi ya taarifa za malipo huficha tarakimu za katikati za namba ya mlipaji kwa nyota. Kwa faili kama hilo simu haiwezi kuwa ufunguo hata uisafishe vipi. Omba taarifa kamili kupitia akaunti ya biashara, au tumia namba ya kumbukumbu anayoiandika mlipaji.

Hatua ya 4: Shughulikia zilizojirudia na zilizo tupu

Kwenye malipo, namba moja kutokea mara nyingi ni kawaida, mtu kalipa mara tatu. Kwenye wanachama, kila ufunguo utokee mara moja tu. Usipohakikisha hilo, malipo moja yatahesabiwa kwa watu wawili na jumla yako itavimba.

Wengi hutafuta marudio kwa COUNTIF, fomula inayohesabu kitu kimetokea mara ngapi. Kwenye orodha ndefu ni polepole kama VLOOKUP isiyopangwa, kwa sababu ile ile. Kwa NIDA ni mbaya zaidi: COUNTIF ikiona maandishi yanayofanana na namba huyageuza kuwa namba, kwa hiyo hutazama tarakimu 15 za kwanza tu. Kwa kuwa tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, unaweza kuambiwa watu wawili tofauti ni mmoja. Njia nzuri ni kupanga safu ya ufunguo kwa mfuatano, halafu kuuliza kila seli kama inafanana na ya juu yake:

`=A3=A2`

Palipo na TRUE pana marudio. Ni haraka, na haidanganyi.

Ukiyapata, usifute ovyo. Mara nyingi si makosa: mama na binti wanatumia laini moja, au karani alisajili wanakijiji wasio na simu kwa namba ya mwenyekiti. Hapo kompyuta haina la kusema. Tengeneza jedwali dogo la pembeni lenye namba hizo na uanachama wote unaohusika, uzitoe kwenye uoanishaji wa kawaida, uzishughulikie kwa mkono.

Seli tupu nazo zitolewe. Mistari 300 ya malipo isiyo na ufunguo ikikutana na wanachama 300 wasio na ufunguo, kila mmoja "analingana" na kila mwenzake, na programu itakuletea mistari 90,000 ya uongo. Nimeona watu wakisifu kompyuta zao kwa kupata majibu mengi namna hiyo.

Hatua ya 5: Oanisha

Chagua njia moja kulingana na ukubwa wa kazi.

*Kwa Excel.* Panga jedwali la wanachama kwa safu ya ufunguo, kutoka ndogo kwenda kubwa. Ufunguo uwe kwenye safu A ya majedwali yote mawili. Kisha kwenye jedwali la malipo weka:

`=IF(VLOOKUP(A2,Wanachama!$A$2:$C$40001,1,TRUE)=A2,VLOOKUP(A2,Wanachama!$A$2:$C$40001,3,TRUE),"HAYUMO")`

Inaonekana ndefu, ina VLOOKUP mbili, na bado inaishinda kwa mbali VLOOKUP moja yenye FALSE (inayotafuta ufunguo ule ule hasa, mstari kwa mstari) kwenye orodha kubwa. Neno TRUE huiambia Excel itumie ule utafutaji wa kufungua katikati. Shida ya TRUE ni kwamba ikikosa ufunguo haisemi "sijaona", inakupa ufunguo jirani ulio mdogo kuliko huo. Ndiyo maana VLOOKUP ya kwanza inauliza kwanza: ulichopata ndicho nilichokutuma? Kama sicho, HAYUMO. Ufunguo ulio mdogo kuliko wote kwenye orodha utatoa #N/A, nao pia ni HAYUMO.

Onyo kali: ukiacha kuandika neno la mwisho ndani ya VLOOKUP, Excel huchukua TRUE yenyewe. Kwenye orodha isiyopangwa hiyo ina maana ya majibu ya watu wengine, yaliyojaa vizuri, bila kosa hata moja jekundu. Kuganda ni afadhali, kwani angalau unajua kuna tatizo.

Matoleo mapya ya Excel yameboresha kasi ya VLOOKUP yenye FALSE, na XLOOKUP, mrithi wake, ipo kuanzia Excel 2021. Kama unayo na mistari si mingi, itumie, maisha ni mafupi. Lakini kompyuta nyingi za ofisini ninazozikuta bado zina toleo la zamani, na fomula ya hapo juu inafanya kazi kote.

*Kwa SQLite.* Hii ndiyo ninayoipendekeza mara tu unapovuka mistari laki moja, au kazi ikiwa ya kila mwezi. Hifadhi majedwali yako mawili kama CSV, ondoa mikato kwenye fedha (10,000 iwe 10000), fungua SQLite na uandike:

```
CREATE TABLE wanachama (namba TEXT, jina TEXT, ufunguo TEXT);
CREATE TABLE malipo (risiti TEXT, tarehe TEXT, kiasi INTEGER, ufunguo TEXT);
.import --csv --skip 1 wanachama.csv wanachama
.import --csv --skip 1 malipo.csv malipo
CREATE INDEX fa_wanachama ON wanachama(ufunguo);
```

Mpangilio wa safu kwenye CSV ufanane na wa jedwali. Tumetaja TEXT wenyewe ili sifuri na tarakimu 20 zibaki salama. Mstari wa mwisho ndio unaotengeneza faharasa, ile orodha iliyopangwa. Kisha:

```
SELECT m.risiti, m.tarehe, m.kiasi, w.namba, w.jina
FROM malipo m
LEFT JOIN wanachama w ON m.ufunguo = w.ufunguo AND m.ufunguo != '';
```

LEFT JOIN, si JOIN tupu. JOIN tupu hutupa kimya kimya malipo yasiyopata mwenyewe, na hayo ndiyo unayohitaji kuyaona kuliko yote.

Unataka kujua kama faharasa inatumika? Weka maneno `EXPLAIN QUERY PLAN` mbele ya SELECT na uendeshe tena. Kwenye wanachama unataka kuona neno SEARCH pamoja na USING INDEX fa_wanachama. Ukiona SCAN kwenye jedwali hilo, kila malipo yanapitishwa kwa kila mwanachama. Ukiona AUTOMATIC COVERING INDEX, SQLite imekuhurumia ikatengeneza faharasa ya muda, lakini itaitupa na kuitengeneza upya kila ukiuliza.

Sasa, kosa ninaloliona kuliko yote. Mtu hajasafisha ufunguo, anaamua kusafishia ndani ya swali lenyewe:

`ON substr(m.simu,-9) = substr(w.simu,-9)`

Jibu linaweza kuwa sahihi. Lakini faharasa aliyoitengeneza kwenye safu ya simu haina kazi tena, kwa kuwa imepanga namba nzima na yeye anauliza vipande vya namba. Data ikiwa ndogo hataona tofauti. Ikifika laki kadhaa atasubiri hadi jioni, na atalaumu SQLite. Rudi hatua ya 3, tengeneza safu, weka faharasa juu ya safu hiyo.

*Kwa R au Python.* Kama tayari unazitumia, sina mengi. Soma kila safu kama maandishi (`colClasses = "character"` kwenye fread, `dtype=str` kwenye pandas). Usiandike kitanzi cha for kinachopita mstari kwa mstari, tumia merge. Kwenye pandas ongeza `validate="many_to_one"`, itakataa kuendelea kama wanachama wamejirudia, na `indicator=True`, itakuonyesha kila mstari umetoka upande gani.

Hatua ya 6: Waliobaki, watafute kwa majina

Baada ya hatua ya 5 utabaki na malipo ambayo hayana mwenyewe: namba ngeni, laini mpya, shemeji aliyemlipia mtu. Hapa ndipo unapohitaji majina, na ndipo kasi na usahihi vinapogombana.

Kwanza, usilinganishe kila jina na kila jina. Malipo 3,000 yaliyobaki mara wanachama 40,000 ni jozi milioni 120, na kulinganisha majina ni kazi nzito kuliko kulinganisha namba. Gawa kwa mafungu: malipo ya tawi fulani yalinganishwe na wanachama wa tawi hilo tu. Kama huna tawi, tumia mwaka wa kuzaliwa, au herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Ukiwa na mafungu 20 yanayokaribiana ukubwa, jozi zinashuka hadi milioni 6. Ubaya wake ni kwamba aliyeandikwa kwenye fungu lisilo lake hatapatikana, kwa hiyo rudia mara ya pili kwa mgawanyo mwingine kwa wale waliokosekana.

Pili, tengeneza kivuli cha kila jina kwenye safu mpya. Majina yetu yana tabia zake:

- Herufi zote ziwe ndogo, nukta na mikato iondolewe.
- kh iwe h. Khadija na Hadija wakutane.
- Herufi zilizojirudia ziwe moja. Abdallah na Abdalah wakutane, Hassan na Hasan pia.
- i ya mwisho inayofuata konsonanti iondolewe. Saidi na Said, Rashidi na Rashid.
- Maneno ya jina yapangwe kwa alfabeti, kwa sababu mmoja aliandika Juma Hamisi Ali na mwingine Ali, Juma Hamisi.
- Kwa majina yenye tahajia nyingi mno, kama Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamedi, tengeneza jedwali dogo la kubadilisha. Majina ishirini hivi yatakumalizia sehemu kubwa ya shida.

Kivuli ni cha kutafutia tu. Usikiandike kwenye barua ya mtu.

Programu nyingi zitakushawishi utumie Soundex, njia ya kugeuza jina kuwa msimbo kwa jinsi linavyosikika, kwa kuwa imo ndani yake tayari. Ilisajiliwa Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina ya huko, na hubakiza herufi ya kwanza kama ilivyo. Khadija inakuwa K320, Hadija inakuwa H320. Hawatakutana maisha. Fatuma na Fatma kweli wanapata F350 wote wawili, kwa hiyo si kwamba haifai kabisa, ila isiwe tegemeo.

Njia ya Levenshtein, inayohesabu herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili jina moja liwe jingine, inafaa zaidi. Lakini ipe macho yako. Khadija na Hadija wametofautiana kwa herufi 1. Hamisi na Hamisa nao herufi 1, na mmoja ni mwanamume, mwingine mwanamke. Hakuna kiwango utakachokiweka kitakachowapitisha wale na kuwazuia hawa.

Kwa hiyo jina peke yake lisimpe mtu fedha. Tafuta ushahidi wa pili: kiasi kinacholingana na rejesho lake la kila mwezi, tawi, tarehe aliyozoea kulipia. Gawa matokeo mafungu matatu: yakini, mashaka, hapana. Yakini yaingie, hapana yabaki pembeni, na mashaka yasomwe na mtu anayewajua wanachama. Huo mgawanyo wa mafungu matatu wanatakwimu Fellegi na Sunter waliuwekea misingi ya kihesabu mwaka 1969, na hadi leo sijaona sababu ya kuuacha.

Hatua ya 7: Hakiki

Rudi kwenye namba za hatua ya 1. Mistari ya matokeo iwe sawa na mistari ya malipo, isizidi wala kupungua, na ile uliyoitoa pembeni iongezwe kwenye hesabu. Jumla ya fedha iwe ile ile hadi shilingi ya mwisho. Kisha chukua wale kumi na wale watano wa majaribio, uwatafute mmoja mmoja. Mmoja akikosea, usimrekebishe yeye tu. Tafuta kanuni iliyomkosesha, kwani wapo wenzake.

Hatua ya 8: Hifadhi ulichoamua

Jozi zote zilizothibitishwa kwa mkono ziweke kwenye jedwali liitwalo uamuzi: ufunguo wa mlipaji, namba ya mwanachama, nani aliamua, lini. Mwezi ujao liendeshe hilo kabla ya kugusa majina. Shemeji aliyelipa mwezi huu atalipa tena, na hakuna haja ya kumchunguza upya. Mwezi wa tatu utakuta fungu la mashaka limebaki dogo, na hapo ndipo muda mwingi unaokolewa, kuliko kwenye fomula yoyote.

Ikikwama

*#N/A kila mahali ingawa namba unaziona.* Upande mmoja ni maandishi, mwingine ni namba. Weka `=ISTEXT(A2)` pande zote mbili. Zikilingana, weka `=LEN(A2)`: ikikupa 10 mahali ulipotarajia 9, kuna nafasi iliyojificha.

*Mistari imeongezeka baada ya kuoanisha.* Wanachama wamejirudia au kuna funguo tupu. Hatua ya 4.

*Kila mtu amepatikana, hata wasiokuwepo.* TRUE kwenye orodha isiyopangwa, au umesahau neno la mwisho la VLOOKUP.

*Excel inaganda kila ukiandika herufi.* Nenda Formulas, Calculation Options, weka Manual, na ubonyeze F9 unapotaka ihesabu. Punguza INDIRECT na OFFSET, hizo huhesabiwa upya kila badiliko hata kama haziguswi.

*NIDA zote zinaishia na 00000.* Faili hilo limekwisha. Rudi kwenye chanzo uingize upya kama maandishi.

*CSV yote imeingia kwenye safu moja.* Kitenganishi ni nukta mkato badala ya mkato. Kibadilishe wakati wa kuingiza. Kompyuta hiyo hiyo huenda ikadai nukta mkato ndani ya fomula pia.

*Faharasa ipo lakini SCAN haiondoki.* Angalia kama kuna substr, lower au trim kwenye ON, au kama safu moja ni TEXT na nyingine INTEGER.

Ukiomba msaada kwa mtu

Usimtumie faili zima. Kwanza halifunguki kwenye simu yake, pili ni taarifa za watu: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ilitunga ya kwake 2022. Tengeneza mistari mitano kwa mitano yenye majina na namba za kubuni, ila yenye tatizo lile lile. Mara nyingi ukiwa unaitengeneza utaona kosa mwenyewe kabla ya kuuliza.

Kama bado, mwandikie mambo manne: majedwali yana mistari mingapi, unatumia programu gani na toleo lipi, ulitarajia nini, umepata nini. Fomula ibandike kama maandishi, usipige picha ya kioo, maana hakuna mtu atakayeichapa upya kutoka kwenye picha. Swali moja kwa mara moja, na usiwatumie watu watano swali hilo hilo kwa siri, watano wakajisumbua kwa jambo moja. Likitatuka, rudi useme kilichofanya kazi, ili anayekujibu ajue aache kulifikiria.